Mbwa Aliyechukia Magoti

Mbwa wetu Karani hakuwa na ugomvi na mtu aliyesimama. Mtu aliweza kupita mbele yake amebeba mzigo, akiimba, hata akikimbia, na Karani angebaki amelaza kidevu juu ya mguu wake wa mbele, ule mweusi ulioonekana kama umechovywa kwenye wino na kumpatia jina lake. Lakini mtu akipiga magoti, ua mzima ulijaa ghasia. Manyoya ya mgongo yalisimama, meno yakatoka nje, na mbwa yule mpole akamrukia aliyepiga magoti kana kwamba ameona chui.

Katika nyumba ya Wasukuma jambo hilo si dogo. Mwanamke akimwamkia mkubwa wake hupiga magoti. Msichana akimpa baba yake maji ya kunawa hupiga magoti. Tulikuwa tukiishi Igogo, mjini Mwanza, mahali ambapo nyumba zimejipenyeza kati ya mawe makubwa na ziwa, na mwaka wenyewe ulikuwa ule ambao Tanganyika ilikuwa ikiungojea Uhuru wake wa mwezi wa Desemba. Jirani yangu Mwaija, aliyekuwa akiuza vitumbua mlangoni pake, alikuwa na maelezo yake tayari.

"Mama Teodora, mbwa wako amepata habari za Uhuru kabla yetu sote," alisema. "Hataki tena kumwona mtu chini."

"Mwaija, usinichekeshe. Nina huzuni."

"Nani anakuchekesha? Mpeleke mkutanoni akahutubie. Watu watampigia makofi."

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wiki ile ile wifi yangu Paskazia alikuja kututembelea, akapiga magoti kumwamkia shangazi wa mume wangu, ambaye naye alikuwa mgeni wetu siku ile, na Karani akaichana kanga yake mpya kutoka begani hadi kiunoni. Paskazia alibaki na mkwaruzo mkononi na machozi usoni. Jioni mume wangu, Antoni, aliporudi kutoka kiwanda cha kuchambua pamba, hakupaza sauti. Alivua viatu vyake vilivyojaa nyuzi nyeupe, akavipanga ukutani, kisha akasema:

"Mama yangu anakuja kuona sherehe za Uhuru. Atafika tarehe nane, asubuhi. Utapiga magoti mbele yake, na mtoto atapiga magoti. Mbwa akimrukia mama yangu, uso wangu nitauficha wapi?"

"Bado wiki saba, Baba Teodora."

"Basi ana wiki saba. Asipobadilika, nitamwita askari mwenye bunduki ya kuulia mbwa. Na lile darasa lako litakuwa limekwisha, maana sitakuacha upite kwenye yale mawe peke yako."

Alisema kweli, wala sikumlaumu. Siku tatu kila wiki, saa za alasiri, nilikuwa nikienda kwenye darasa la watu wazima misheni. Njia ya kurudi ilipita kati ya mawe ambamo fisi walikaa, na jua likianza kuzama walitoka kunyoosha miguu. Antoni alikuwa amekubali nisome kwa sharti moja tu, kwamba Karani aende nami. Kwa hiyo Karani alilala chini ya dirisha la darasa tukiimba silabi, na alitembea mbele yangu tulipokuwa tukirudi, mkia juu, kama mzee wa njia. Nilikuwa nimefika mahali ambapo herufi zilianza kushikana mikono na kuwa maneno. Usiku zilinijia usingizini, zikitembea juu ya maji moja baada ya moja bila kuzama. Bila Karani zingerudi kuwa mikwaruzo.

Karibu na ufuko, upande wa kushoto wa njia yetu, palikuwa na jiwe lililosimama ndani ya ziwa. Ukungu wa asubuhi ulipotanda, jiwe lile lilikuwa mwanamke aliyepiga magoti majini, kichwa ameinamisha, akiwaamkia wakubwa wasioonekana. Karani hakupata kulipita bila kunguruma. Nilikuwa nikisimama nikilitazama, nikijiuliza mwanamke yule amemkosea nini mbwa wangu, na ukungu ulipoinuka alikuwa jiwe tena, na kinyesi cha ndege begani.

Nilisikia kwamba Bwana Mifugo hufika Buhongwa kila Alhamisi kuchanja ng'ombe. Sikujua mtu yeyote aliyewahi kumpelekea mbwa, tena mbwa asiye na kidonda wala homa, mwenye tabia mbaya tu. Hata hivyo nilimfunga Karani kwa kamba ya katani, nikaondoka kulipopambazuka. Barabara ya Shinyanga ilikuwa imelala chini ya ukungu. Ng'ombe walitokea ndani ya weupe ule pembe kwanza, kisha macho, kisha kengele, wakapita wakapotea, na mimi nikaenda nyuma ya sauti zao kama mtu anayeongozwa ndotoni.

Buhongwa, nje ya zizi, wanaume walikuwa wamejipanga na mifugo yao. Nilishika nafasi yangu nyuma ya mzee mmoja mwenye madume manne, aliyeitwa Ngosha. Aligeuka, akamtazama Karani, akanitazama mimi.

"Mama, huyu wako anatoa chupa ngapi za maziwa?"

"Hatoi maziwa, baba. Ana tabia mbaya."

"Tabia mbaya! Jamani, sikieni! Mimi nina mke wa pili mwenye tabia mbaya, na yeye nimlete Alhamisi?"

Walicheka wote. Nami niliinamisha uso, nikaendelea kusimama. Zamu yangu ilipofika jua lilikuwa kali, na ukungu umekwisha zamani.

Bwana Mifugo aliitwa Salehe, mtu wa Tabora, mwembamba, mwenye kofia nyeupe iliyofumwa kwa mkono na buti zilizopanda hadi magotini. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimesimama, kwa ajili ya mbwa. Aliitikia marahaba, akavuta kigoda, akaketi mbali kidogo.

"Mimi ni Mwislamu, mama, mate ya mbwa yananipa kazi ya kunawa," alisema kwa upole. "Lakini macho hayana udhu wa kutenguka. Nieleze."

Nilimweleza yote. Aliuliza kama Karani anakunywa maji, nikasema anakunywa. Kama udenda humtoka, kama huenda mbele tu bila kugeuka akiitwa, kama sauti yake imebadilika. Nikasema hapana. Aliuliza mkwaruzo wa wifi yangu ulikuwa wa lini, akahesabu siku kwa vidole, akaridhika kwamba si kichaa cha mbwa. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Umempata wapi?"

"Kamanga, kwenye gati. Nilikuwa natoka kumsalimia mama mdogo. Alikuwa kitoto, ameiba samaki, na wachuuzi walikuwa wakimpiga mawe. Nilimfunika kwa kanga nikavuka naye kuja Mwanza."

"Walikuwa wakiyatoa wapi mawe?"

"Chini, Bwana Mifugo. Mawe yatoke wapi?"

"Ndiyo. Chini." Alimtazama Karani. "Sasa piga magoti, kama unavyomwamkia mkweo. Kamba nitaishika mimi."

Nilipiga magoti. Karani alilipuka. Kamba ilikazika, vumbi likaruka, na wanaume wa ng'ombe wakarudi nyuma.

"Simama," alisema Bwana Mifugo. "Usitupe kitu. Nifungulie mkono wako wa kulia."

Nilifungua mkono. Ndani yake palikuwa na kokoto. Naapa sikukumbuka kuiokota. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe, kama mguu unavyokwepa wenyewe shimo ulilolizoea.

"Na pindo la kanga yako lina nini?"

Nilifungua fundo. Kokoto tatu nyingine zilianguka juu ya vumbi, mbele ya watu wote. Nilizibeba kila siku, nami nilidhani ni busara. Tangu Karani alipoanza ghasia zake, kila mtu aliyeingia uani kwetu alikuwa amekwisha kuonywa. Kila mwanamke aliyepiga magoti aliokota kitu kwanza, kwa tahadhari, akakificha kiganjani. Paskazia pia. Mwaija pia, aliyekuwa akicheka. Mwanangu Teodora nilimfundisha mwenyewe.

"Bwana mkubwa wa madume," Bwana Mifugo alimwita Ngosha, "hebu njoo utusaidie. Piga magoti hapo mbele ya mbwa."

"Mimi? Nimpigie mbwa magoti?"

"Mama huyu amesimama nusu siku akisikiliza habari za mke wako wa pili. Piga magoti, mikono wazi, viganja juu, watu wote waone."

Wanaume walishangilia. Ngosha alishuka taratibu, goti moja, kisha la pili, akanyoosha viganja vyake vikubwa kama mtu anayengoja kunawishwa. Karani alinguruma. Alitazama viganja. Alivitazama kwa muda mrefu, kiganja kimoja baada ya kingine. Mngurumo ukapungua ukawa pumzi, na manyoya ya mgongo yakaanza kulala.

"Mbwa huyu si mwehu," alisema Bwana Mifugo. "Anasoma vizuri kuliko wengi. Nyinyi ndio mmekuwa mkimwandikia ubaoni neno lile lile kila siku, kwamba aliyeshuka chini ameshuka kuokota jiwe."

Nilisubiri afungue sanduku lake. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya dawa. Nilikuwa hata nimebeba chupa. Yeye akanawa mikono ambayo haikuwa imemgusa mbwa, akaniambia dawa yenyewe. Mawe yatoke uani, yote. Kila jioni, saa ile ile, kwa robo saa tu, mtu apige magoti mbali na Karani, mbali kiasi kwamba hatakasirika, viganja wazi, kisha amtupie kipande cha ukoko wa ugali. Kesho yake hatua moja karibu zaidi. Akinguruma, mrudi nyuma hatua mbili.

"Usiruke hatua," alisema. "Ukiruka hatua, utaanza upya."

Hilo nililielewa mara moja. Hakuna aliyetukabidhi gazeti siku ya kwanza ya darasa. Tulianza na ba, tukalala nayo, tukaamka tukapewa be.

Niliporudi sikuingia nyumbani. Nilikwenda hadi ufukoni, mbele ya lile jiwe la mwanamke, nikazitupa zile kokoto ziwani, moja moja. Kila moja ilifungua duara, na maduara yakapanuka yakamfikia mwanamke wa jiwe, yakamgusa magotini. Karani alisimama pembeni yangu, masikio mbele, akitazama jinsi mkono wangu ulivyokuwa ukiondoka mtupu.

Siku zilizofuata zilikwenda kwa mwendo wa pekee, kama za mtu anayepona homa. Jioni ilipokaribia, mimi na Teodora tulifagia ua mpaka chini pakawa laini kama ngozi. Kisha Teodora alikwenda mpaka kwenye ukuta wa mbali, akashuka, akafungua viganja. Mtoto alikuwa na miaka tisa, na alifanya kazi ile kwa makini kama anayetumikia misa. Ukoko ulipaa hewani. Karani aliula huku akimtazama. Mimi nilichora mstari katika daftari langu: mstari uliosimama kwa siku ya utulivu, mstari uliolala kwa siku ya mngurumo.

Mwaija alihitaji kubembelezwa zaidi.

"Nchi nzima inasimama, wewe unaniambia nimpigie mbwa magoti!"

"Robo saa tu, Mwaija."

"Na huyo Mzungu anayeondoka akinipita mlangoni, atasema nini? Atasema tulipoacha kuwapigia wao magoti tumehamia kwa mbwa!"

"Nitakununulia chai."

"Chai na sukari?"

"Na sukari."

Alipiga magoti akinung'unika, viganja wazi vinanukia mafuta ya vitumbua, na Karani, ambaye alikuwa amewahi kumrukia mara mbili, akamsogelea kwa tumbo, hatua kwa hatua, akaramba kidole. Mwaija alisahau kunung'unika. Kesho yake alikuja bila kuitwa.

Haikuwa safari iliyonyooka. Wiki ya nne Antoni aliinama ghafla uani kufunga kamba ya kiatu, mkono wake ukapotea nyuma ya goti, na Karani akaja juu. Hakumuuma, lakini Antoni aliingia ndani na kuubana mlango nyuma yake. Nilichora mstari uliolala, nikarudi nyuma hatua mbili. Usiku ule niliota kwamba mawe yote ya Mwanza yamepiga magoti, mlima baada ya mlima, hadi ukingo wa ziwa, na Karani anapita kati yao akinusa mkono wa kila moja, na kila mkono ulikuwa umefumbwa.

Tarehe nane ilifika na manyunyu mepesi. Mjini bendera zilikuwa zimekwisha kutundikwa, na mapambo ya karatasi yaliyoloa yalidondosha rangi barabarani. Mama mkwe wangu, Wilhelmina, alishuka kwenye basi la kutoka upande wa Bujora akiwa na fimbo, kikapu, na mgongo ulionyooka. Antoni alimleta nyumbani polepole, amemfunika kwa mwavuli. Sisi tulikuwa uani: mimi, Teodora, na Mwaija mlangoni pake, akijifanya anakoroga unga.

Karani alikuwa amelala kizingitini, bila kamba. Hilo nililiamua mwenyewe. Nilijua kwamba mbwa aliyefungwa asingemshawishi mtu.

Mama mkwe alisimama mbele yangu. Nilishuka, na Teodora akashuka kando yangu. Magoti yangu yaligusa udongo laini uliolowana, nikafungua viganja juu ya mapaja.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa lugha yetu, nikimwita mama.

"Mwangaluka, mwanangu."

Nilisikia Karani akiinuka. Halafu nikasikia mngurumo, wa chini kabisa, kama jiwe linaloviringishwa mbali. Sikuelewa. Mikono yangu ilikuwa wazi. Ya Teodora ilikuwa wazi. Niliinua macho kidogo, kiasi kinachoruhusiwa, nikauona mkono wa kushoto wa mama mkwe. Wa kulia ulikuwa na fimbo. Wa kushoto ulikuwa umefumbwa.

Paskazia alikuwa amempelekea habari za mbwa. Bila shaka. Na mama mkwe, kama mtu yeyote mwenye akili, alikuwa ameinama njiani, akaokota.

Antoni alisogea mbele kumkamata Karani shingoni. Nilijua akimkamata yamekwisha. Hatamwachia hadi askari aje. Na pale chini, mbele ya mwanamke aliyenipokea nyumbani kwake nikiwa msichana, mwanamke ambaye kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kumwambia neno lolote isipokuwa la kuitikia, nilisema:

"Mayu, naomba ufungue mkono."

Mvua ilikuwa ikisikika kwenye majani. Mwaija aliacha kukoroga.

"Umesema nini?"

"Naomba ufungue mkono wako wa kushoto, mayu. Jiwe lianguke. Mbwa haogopi kitu kingine. Nimemfundisha wiki saba. Akikuuma, mimi mwenyewe nitamwita askari."

Alimtazama mwanawe, ambaye hakujua aangalie wapi. Alimtazama Karani, meno yake, mguu wake wa wino. Kisha akanitazama viganja vyangu, na alivitazama kama Karani alivyowahi kuvitazama vya Ngosha, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

Vidole vyake vilifunguka. Jiwe lilianguka juu ya udongo uliofagiliwa, na kwa sababu uani hapakuwa na jingine hata moja, sote tuliliona vizuri jinsi lilivyokuwa kubwa.

Karani alinyamaza. Alikuja mbele, akapita ubavuni mwangu, akalinusa jiwe, akaliacha. Akaunusa mkono uliolishika. Mama mkwe hakuuondoa. Halafu mbwa aliketi, mguu mweusi mbele, akamngojea kama karani anayengoja mtu aeleze shida yake.

"Anataka nini?" aliuliza mama mkwe.

"Ukoko, bibi," alisema Teodora. "Lakini chochote atakula."

Mama mkwe aliingiza mkono kikapuni, akatoa michembe, vile viazi vilivyokaushwa alivyotuletea, akaweka kipande kiganjani. Karani alikichukua kwa midomo tu.

"Nimepigiwa magoti maisha yangu yote," alisema, akifuta kiganja kwenye kanga, "na leo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa nimeshika nini." Akamgeukia Antoni. "Huyu ndiye anayempeleka mkeo shuleni?"

"Ndiye, mama."

"Basi mbona unamshikia mwavuli mtu ambaye amekwisha kufika? Mfunike mkeo, analowa."

Mwaija alicheka kwa nguvu nyuma ya bakuli lake. Antoni alileta mwavuli juu yangu, nami niliinuka.

Jumatano iliyofuata, bendera mpya zikiwa zimekwisha kukauka, Antoni alinipa daftari mlangoni kwa mkono wake mwenyewe. Alasiri ilikuwa nyeupe, ziwa halina mpaka na mbingu. Tulipofika penye lile jiwe, mwanamke alikuwa palepale, amepiga magoti majini, kichwa ameinamisha. Karani alisimama, akamtazama kwa muda. Kisha akatikisa mkia mara moja, akatangulia.